Mama Akifa Uzazini, Tusiishie Kusema "Ameandikiwa"



Sifa njema zote zinamstahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta‘aalaa), Mjuzi wa yaliyomo matumboni mwa kina mama, na Rehma na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), Ahli zake na Swahaba zake. Amma ba‘d.

Ndugu zetu katika imani, leo tunaomba tuzungumze jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa na kina mama peke yao, tena kwa sauti ya chini, nalo ni uzazi mgumu na namna wake zetu, dada zetu na binti zetu wanavyopokewa wanapofika hospitali. Wapo watakaouliza mwalimu wa madrasa anatafuta nini katika habari za materinite. Kila mtoto anayekaa mbele yetu na juzuu yake mkononi alipita mlango huo. Na katika madrasa zetu wapo wanaokaa mbele yetu bila mama, kwa sababu mama aliingia mlango huo na hakutoka.

Anapofariki mwanamke kwa uzazi, utasikia maneno mawili matangani. La kwanza ni kwamba siku yake ilikuwa imefika, ameandikiwa. La pili ni kwamba amekufa shahidi. Maneno yote mawili ni haki. Qadar ni nguzo ya imani, na Hadithi ya Jaabir bin ‘Atiyk (Radhiya Allaahu ‘anhu) iliyopokewa na Imaam Maalik, Abu Daawuud na wengineo imemtaja mwanamke anayekufa kwa ajili ya mimba au uzazi miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni bishara kubwa kwa wafiwa, wala hatumpunguzii mtu hata chembe ya faraja hiyo.

Lakini bishara ile alipewa marehemu. Hawakupewa waliokuwa zamu usiku ule, wala mume aliyezima simu, wala mwenye gari aliyekataa kuamka. Maneno ya kumfariji mfiwa yakigeuzwa kuwa kifuniko cha uzembe wa walio hai, hapo tunakuwa tumemsingizia Allaah jambo ambalo sisi wanaadamu tumelifanya kwa mikono yetu. Na mtu akithubutu kuuliza, "Alifikishwa saa ngapi? Nani alimpokea? Damu ilipatikana?", huangaliwa kana kwamba amekufuru.

Tukumbuke kisa cha Sayyidna ‘Umar bin Al-Khattwaab (Radhiya Allaahu ‘anhu) alipokuwa safarini kuelekea Shaam akaletewa habari kwamba tauni imeingia huko. Alishauriana na Swahaba, kisha akaamua kurudi. Abu ‘Ubaydah (Radhiya Allaahu ‘anhu) akamuuliza kama anaikimbia qadar ya Allaah. ‘Umar akamjibu kwamba wanaikimbia qadar ya Allaah kwenda kwenye qadar ya Allaah, akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mwingine mkavu. Popote atakapolisha, amelisha kwa qadar. Basi na sisi tuseme hivyo hivyo. Ambulensi yenye mafuta ni qadar, na ambulensi iliyoegeshwa tangi likiwa tupu ni qadar. Tutaulizwa tuliwapeleka wanyama wetu upande gani wa bonde.

Na bonde hili tunalo hapa hapa kwetu Burundi. Ukitoka Bujumbura kwenda kusini, ukifuata barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika, unafika Kabezi. Mwaka 2006 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilifungua huko kituo cha dharura za uzazi. Kazi yake haikuwa na muujiza wowote. Vituo vya afya vya milimani viliwekewa njia ya kuwasiliana na kituo hicho, na mama akipata tatizo wito unapigwa, ambulensi inatoka mchana au usiku, anapelekwa mahali penye chumba cha upasuaji, damu na watu walio macho, tena bila malipo. MSF walipofanya hesabu za mwaka 2011, walikadiria kwamba vifo vya kina mama katika wilaya ile vilikuwa vimepungua kwa asilimia 74 ukilinganisha na hali ambayo ingekuwepo bila mpango huo. Gharama yake ilikuwa kiasi cha euro 3 na ushei kwa kila mkazi wa wilaya kwa mwaka mzima. Ni kweli fedha zilitoka nje na mpango ulikuwa wa shirika la kigeni. Lakini mama wa Kabezi aliyefika mezani akiwa hai mwaka 2011 ni Mrundi kama mama wa Kabezi aliyefia kwenye machela ya miti miaka iliyotangulia. Ajali ya mmoja na ya mwingine zote ziliandikwa. Kilichotofautiana kati yao ni sababu ambazo wanaadamu walizitenda au waliziacha.

Vijana wetu wanaosoma sasa huenda hawajui tulikotoka. Wakati wa vita, na kwa muda baada yake, mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku Bujumbura alikuwa na adui wawili kabla hajafika kwa daktari. Wa kwanza ni amri ya kutotoka usiku, ambayo iliondolewa Aprili 2006. Wa pili ni bili. Tangu 2002 wagonjwa walitakiwa kulipia karibu kila kitu, na asiyeweza kulipa alizuiwa asitoke. Ripoti ya Human Rights Watch na jumuiya ya Kirundi ya APRODH, iliyotoka Septemba 2006, ilieleza habari za mamia ya maskini waliofungiwa mahospitalini kwa madeni, na miongoni mwao walikuwemo wanawake waliojifungua kwa upasuaji, wamekaa wiki baada ya wiki na watoto wao wachanga, wengine wakila kwa huruma ya jirani wa kitanda. Fikirini, mtu anaokolewa asubuhi, jioni anageuzwa mfungwa.

Mei mosi mwaka huo wa 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kuwa uzazi katika hospitali na vituo vya serikali ni bure, pamoja na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano. Mwenye haki yake tumpe. Tangazo lile lilifungua milango. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta kwamba uzazi 60 katika kila 100 ulifanyika katika kituo cha afya au hospitali, na ule wa 2016-2017 ukakuta 84. Katika muda huo huo makadirio ya vifo vya kina mama yalishuka kutoka 500 hadi 334 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wakiwa hai. Hayo ni maendeleo, alhamdulillaah. Lakini 334 katika laki moja maana yake ni karibu mama mmoja katika kila uzazi 300. Yeyote aliyekulia Buyenzi au Kamenge anaweza kuhesabu uzazi 300 bila kutoka mitaa michache.

Tena takwimu hizo mbili ukiziweka pamoja zinasema jambo jingine. Kama uzazi mwingi sasa unafanyika ndani ya kuta za hospitali na vituo, basi na vifo vingi vinatokea humo humo. Zamani tulisema mama amekufa kwa sababu hakwenda hospitali. Siku hizi aliyefariki mara nyingi alikwenda, na swali limehamia ndani ya mlango.

Hapa Gihosha hatuko mbali na hospitali. Ile ya Kamenge, ambayo watu wa mji wanaiita Roi Khaled kwa jina la Mfalme Khalid wa Saudi Arabia, iko jirani nasi. Bujumbura ina hospitali kubwa kuliko mahali popote nchini. Kwa hiyo haya tutakayoyasimulia hayatokani na umbali.

Si zamani tulimzika mtoto mchanga wa familia moja ya huku kwetu, upande wa Nyabagere. Hospitali hatutaitaja, wala haina haja, kwa maana waliotusikiliza tukisimulia kila mmoja alidhani tunasema ile anayoijua yeye. Mama alikuwa na mimba ya tatu. Uchungu ulianza baada ya Swala ya ‘Ishaa. Mumewe alikuwa amekwenda Kobero kwenye mpaka kuleta bidhaa, na mama mkwe akasema tungoje tumpate kwanza kwa simu, kwani kama ni mambo ya kupasuliwa ni lazima mume akubali. Simu ilipatikana saa sita za usiku. Wakampeleka kwenye zahanati ya mtaani ya kulipia, wakatoa faranga, wakaambiwa mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali kubwa. Ambulensi ilipigiwa, jibu likawa haina mafuta. Mafuta katika miaka hii ya 2020 mnajua wenyewe yalivyotutesa, foleni za siku tatu kwa lita chache. Teksi ilipatikana kwa bei ambayo hatutaiandika kwa kumsitiri dereva.

Walifika hospitali kabla ya Alfajiri. Vitanda vilijaa, vingine vina wazazi wawili wawili, naye akaonyeshwa benchi. Akaambiwa bado, atembee. Baada ya hapo, kwa maneno ya bibi wa mtoto, tangu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne za asubuhi hakuna mtu aliyeweka kifaa tumboni kusikiliza moyo wa mtoto. Aliyekuja alikuja mara moja kuwafokea kwamba wanapiga kelele. Saa nne alipita mwingine wa zamu mpya, akasikiliza, akakimbia kumwita daktari. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mtu. Mtoto alitolewa karibu na Adhuhuri, hakulia. Mama aliishi, baada ya kuongezewa mifuko miwili ya damu ambayo shemeji zake waliihangaikia mji mzima.

Pale nyumbani, watu wakimpa pole, bibi yule alinyanyua mkono akauliza, "Saa tano zile za kwenye benchi, nazo zimeandikwa na Mungu?" Wanaume tukatazama chini. Mzee mmoja akamwambia asubiri, Allaah yuko pamoja na wanaosubiri. Sisi tunaona bibi alikuwa na subira kuliko wote tuliokuwa pale, kwa kuwa aliuliza swali lake kwa adabu, hakumtukana mtu.

Wataalamu wa mambo haya, tangu utafiti wa Thaddeus na Maine uliochapishwa mwaka 1994, husema mama anacheleweshwa mara tatu: nyumbani katika kuamua, njiani katika kufika, na hospitalini katika kuhudumiwa. Ukitazama usiku ule wa Nyabagere, yote matatu yamo. Kila upande ulikula saa zake. Ndiyo maana haifai familia kulitupa lote kwa wauguzi, wala wauguzi kulitupa lote kwa familia.

Tuanze na hospitali. Ni haki kusema kwamba wakunga wengi wanafanya kazi ambayo mimi na wewe hatungeimudu usiku mmoja. Uzazi ulipofanywa bure 2006, kina mama walimiminika, lakini wakunga, vitanda na glavu havikuongezeka kwa kasi hiyo hiyo, na malipo ya serikali kwa hospitali yalikuwa yakichelewa. Mkunga mmoja akiwa na wazazi wanane wenye uchungu mkali, hata awe na moyo wa dhahabu, yupo atakayesahauliwa. Hilo ni deni la wanaopanga bajeti, wala tusimtwike binti mwenye koti jeupe.

Hata hivyo kuna mambo yasiyohitaji bajeti. Kusikiliza moyo wa mtoto kila baada ya dakika 15 hadi 30 uchungu ukishakolea ni kanuni wanayofundishwa wakunga wote, na chombo chake ni kipande cha mti au cha plastiki kama tarumbeta ndogo. Karatasi ya kuandikia mwendo wa uchungu, partogramu, ipo kwa ajili hiyo, ili anayeingia zamu ajue mwenzake aliacha wapi. Na kutomfokea mwanamke aliye katika uchungu hakugharimu hata faranga moja. Tusome tena kisa cha Bibi Maryam (‘alayhas-salaam) katika Sura iliyopewa jina lake. Uchungu ulimpeleka kwenye shina la mtende, akatamani lau angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Kitu cha kwanza alichopewa kilikuwa neno la kumtuliza asihuzunike, kisha akaonyeshwa maji, kisha akaambiwa alitikise shina adondokewe na tende. Faraja ilitangulia, vikafuata kinywaji na chakula, na katikati ya udhaifu ule bado aliamrishwa afanye sababu kwa mkono wake. Anayetaka somo la ukunga mwema aanzie hapo.

Ama suala la kuuliza na kudai, wengi wetu tunaogopa. Tunaogopa kwamba kesho tutarudi hospitali hiyo hiyo na mgonjwa mwingine. Lakini sheria yetu haikumwacha tabibu huru afanye atakavyo. Ipo Hadithi katika Sunan za Abu Daawuud, An-Nasaai na Ibn Maajah kwamba anayejitia utabibu bila ya kujulikana kwa utabibu anabeba dhamana. Ibn Al-Qayyim (aliyefariki 751 Hijria) katika Zaad Al-Ma‘aad amewagawa matabibu mafungu matano kwa upande wa dhamana. Mjuzi aliyetimiza haki ya kazi yake kisha mgonjwa akafa, huyo hana lawama. Asiye na ujuzi akijitia, anadhamini. Kwa hiyo kuuliza "alitimiza haki ya kazi yake?" ni swali la fiqhi kabla halijawa la mahakama, na jibu linaweza kuwa la kumtakasa mkunga, asibaki anasengenywa mtaani bure.

Na mahakama zimewahi kuulizwa. Huko Bungoma, magharibi ya Kenya, mwaka 2013 mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye ujia wa hospitali, akapigwa makofi na kutukanwa na wauguzi kwa kuchafua sakafu, na mtu aliyekuwepo akapiga picha kwa simu. Alishitaki. Mwaka 2018 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Abida Ali-Aroni, iliamua kwamba haki zake na utu wake vilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2 na nusu za Kenya na aombwe radhi. Uganda nako, Agosti 2020, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja Katiba, katika kesi iliyofunguliwa tangu 2011 baada ya vifo vya kina mama wawili. Hatusemi kila mtu akimbilie jaji. Tunasema kwamba jirani zetu wameuliza na mbingu haikuanguka. Kwetu ingetosha kwa kuanzia kwamba familia iende kwa mkuu wa hospitali siku ya tatu, kwa salaam na heshima, pamoja na imamu au mtu mzima wa mtaa, ikiwa imeandika saa: tulifika saa fulani, alipimwa saa fulani, daktari aliitwa saa fulani. Saa zilizoandikwa hazigombani na mtu.

Sasa tuje nyumbani, maana huko ndiko mimbari zetu zinakofika.

Kwanza ni hili la kungoja ruhusa ya mume. Waume wa Kiislamu, ruhusa yako ya kwenda hospitali ya uzazi itoe mimba ikiwa bado ya miezi saba, itoe mbele ya mama yako na mbele ya mama yake, useme: likitokea lolote mimi sipo, mpelekeni, na mkiambiwa upasuaji, kubalini. Kumwokoa aliye hatarini hakungoji simu ya Kobero. Vivyo hivyo kwa daktari mwanamume. Tunapenda wanawake wahudumiwe na wanawake, na laiti mabinti zetu wengi zaidi wangesomea ukunga na udaktari tungepunguziwa shida hii. Lakini saa nane za usiku, aliye zamu akiwa mwanamume na damu inatoka, hakuna mjadala. Ibn Qudaamah katika Al-Mughniy amekwishaandika kwamba tabibu anaruhusiwa kutazama sehemu inayohitaji kutazamwa, na dharura ina hukumu zake. Mume anayezuia hapo asijidanganye kwamba ana wivu wa kidini.

Pili, na hili tunalitaja kwa sababu ni sisi tunaosomesha mlango wake. Tunawafundisha wasichana kuhusu nifasi kwa hesabu ya siku: kwa kawaida ni 40, na katika madhehebu ya Imaam Ash-Shaafi‘iy mwisho wake ni 60. Mwanafunzi anajibu vizuri mtihanini. Kisha anajifungua, damu inamwagika, na wanawake walio pembeni wanamwambia tulia, ni nifasi. Damu inayolowesha nguo nene moja baada ya nyingine kwa muda mfupi, au mzazi anayeanza kuwa baridi, kutoka jasho na kuzungumza maneno yasiyoeleweka, hilo si suala la kuhesabu siku za Swala. Ni suala la kukimbia. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndiyo sababu kubwa kabisa inayoua kina mama duniani, na inaweza kuua ndani ya saa chache. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Wakunga walimtandikia mama plastiki yenye mfuko uliochorwa mistari ya kupimia, wakawa wanaiona damu kwa kipimo badala ya kuikisia kwa macho, na ikivuka mstari wanatoa dawa zote kwa pamoja bila kusubiri. Damu nyingi ya kuhatarisha maisha, pamoja na upasuaji na vifo vitokanavyo nayo, ilipungua kwa asilimia 60. Jambo dogo kama hilo, mfuko wenye mistari! Mlango wa nifasi katika vitabu vyetu vya madrasa unaweza kabisa kuongezewa somo moja juu ya damu ya hatari, na pembeni yake kichwa kinachouma kupita kiasi, macho kufifia na uso kuvimba kwa mjamzito, ambazo ni dalili za kifafa cha mimba na wala hazina uhusiano na majini.

Tatu ni wale waliopona nusu. Mama aliyekaa katika uchungu siku mbili, mtoto akafa, yeye akabaki na fistula, mkojo unamtoka bila ya kuweza kuuzuia. Wapo walioachwa na waume zao kwa harufu. Wapo walioacha kuswali miaka kwa kudhani hawana twahara tena, na hakuna aliyewaambia kwamba fiqhi ina mlango wao kamili, wa mwenye udhuru wa kudumu: ajisafishe, ajifunge, atawadhe wakati wa Swala ukiingia, aswali, na Swala yake ni sahihi. Tena maradhi hayo yana tiba. Mwaka 2010 MSF walifungua huko Gitega kituo cha kuwafanyia upasuaji wanawake hawa, kikaitwa Urumuri, yaani nuru, na walikwenda kutoka kila pembe ya nchi, wengine wakiwa wameishi na hali hiyo miaka mingi. Anayemjua mwanamke wa namna hii katika ukoo wake amfikishe hospitali, na mume aliyemfukuza mkewe kwa jambo hili, sisi hatujui atasema nini mbele ya Mola wake.

Kuhusu misikiti yetu, inasimuliwa katika tarikh kwamba Sayyidna ‘Umar, akiwa Khalifa, alipita usiku nje ya Madiynah akakuta hema la mgeni, ndani yake mwanamke ana uchungu na hana mtu. Akarudi nyumbani mbio akamchukua mkewe, Ummu Kulthuum bint ‘Aliy (Radhiya Allaahu ‘anhum), pamoja na unga na mafuta. Mke akaingia ndani kuzalisha. Khalifa akakaa nje na yule mume, akipuliza moto na kupika. Na Rufaydah Al-Aslamiyyah (Radhiya Allaahu ‘anhaa) hema lake la kuwauguza majeruhi wa Khandaq lilisimamishwa msikitini kwa Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam). Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mambo haya hayahusu msikiti.

Tunachokiomba hapa Gihosha ni kidogo sana. Daftari moja likae kwa muadhini. Ukurasa wa kwanza, majina ya wenye magari na siku ambazo kila mmoja amekubali kuamshwa usiku, na dumu la lita tano la mafuta linunuliwe kwa sadaka, lifungiwe, lisiguswe kwa harusi wala kwa safari ya kiongozi. Ukurasa wa pili, vijana wenye afya waliokwishajua kundi lao la damu na wakaenda kuitoa katika benki ya damu kabla haijahitajika, kwa sababu shemeji wanaohangaika mji mzima saa sita mchana wamechelewa. Ukurasa wa tatu uwe wa kina mama wenyewe: wajawazito wa mtaa, mwezi wanaotarajia, mahali walipochagua kujifungulia, na mwanamke mmoja mtu mzima aliyekubali kumsindikiza kila mmoja wao na kukaa naye, mwenye kujua kuuliza kwa adabu, "Binti yangu, moyo wa mtoto umesikilizwa saa ngapi?" Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 limesema kila mzazi awe na mtu wa kumsindikiza anayemtaka mwenyewe. Hospitali ikikataa asiingie, basi hilo nalo ni jambo la kwenda kuzungumza na mkuu wake, kwa salaam na heshima.

Yule bibi wa Nyabagere tumekwishamuuliza. Amekubali kuandikwa wa kwanza katika ukurasa wa tatu. Daftari limenunuliwa, liko kwa muadhini, na kurasa mbili za wanaume bado ni nyeupe.

Wabillaahit-tawfiyq.